Saratani ya mirija ya nyongo: imerudi, au haikuondoka?

Kaskazini mashariki mwa Thailand, katika eneo la Isan, kuna chakula kiitwacho koi pla. Samaki wadogo wa maji baridi hukatwakatwa wakiwa wabichi, hukamuliwa ndimu, hutiwa pilipili na majani ya kunukia, kisha huliwa kwa matonge ya wali wa kunata. Moto hauwashwi kabisa. Ndimu huigeuza nyama rangi ikaonekana kama imeiva, na wengi huamini kwamba imeua kila kilichomo. Haikuua. Ndani ya nyama hiyo huweza kuwamo mabuu ya mnyoo bapa aitwaye Opisthorchis viverrini, ambaye akishamezwa hupanda kutoka utumbo mwembamba hadi kwenye mirija ya nyongo na kuweka makao kwa miaka mingi. Mirija inayokwaruzwa na kuvimba mwaka baada ya mwaka huweza kuja kuota saratani. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimwingiza mnyoo huyu kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi la vile visivyobishaniwa tena.

Mnyoo huyu hayupo Afrika Mashariki, ingawa dawa yake tunaijua vizuri. Ni prazikwanteli, vile vidonge vikubwa vichungu wanavyomezeshwa watoto wa shule za Kanda ya Ziwa dhidi ya kichocho, baada ya kusimamishwa kwenye kijiti cha kupimia urefu ili ijulikane kila mmoja anapata vingapi. Isan ndiko kunakoongoza duniani kwa saratani hii, na madaktari wa upasuaji wa Khon Kaen, mji ulio huko huko Isan, wameishi nayo kwa miongo kadhaa. Kukata ini wanajua. Kinachowanyima usingizi, wao na wenzao wa Shanghai, Japani, Ulaya na Marekani, ni swali linalokuja baada ya kisu: kati ya wagonjwa waliokatwa vizuri, saratani itamrudia nani kabla mwaka haujaisha?

Ini hutengeneza nyongo, na nyongo husafiri kwenye mirija myembamba inayoungana kama vijito vinavyoingia mtoni, hadi mrija mmoja mkuu unaoishia kwenye utumbo. Saratani inaweza kuota popote katika njia hiyo. Ikiota langoni mwa ini, pale mirija mikubwa ya kulia na kushoto inapokutana, huziba nyongo mapema na macho huwa ya manjano. Uvimbe wa hapo hubeba jina la Gerald Klatskin, daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1965. Ikiota chini, karibu na kongosho, nayo huziba na kujitangaza kwa manjano. Ile inayoota ndani kabisa ya ini ndiyo nyamavu. Ini lina nafasi, halilalamiki, na mgonjwa anaweza kuja kujua uvimbe ukiwa na ukubwa wa chungwa. Makala haya yanahusu hasa hiyo ya ndani.

Tumchukue mgonjwa wa kubuni, mkulima wa mpunga mwenye miaka 61 wa kijiji kimoja nje ya Khon Kaen. Kipimo cha ultrasaundi kimeona uvimbe, picha za CT zimeuthibitisha: sentimita 6, upande wa kulia wa ini, hakuna dalili kwamba umesambaa. Tayari ana bahati kuliko wenzake wengi, kwa kuwa wagonjwa walio wengi hugunduliwa wakati upasuaji umeshapitwa. Mwezi Mei anapasuliwa. Upande wa kulia wa ini unaondolewa, na ule wa kushoto unaachwa ukue, maana ini ni kiungo cha ajabu: ukibakiza takriban theluthi moja ya ini zima lenye afya, linajikuza tena ndani ya wiki chache. Siku chache baadaye daktari anaiambia familia maneno ambayo kila familia huyasubiri: "Tumeutoa wote."

Hajasema uongo. Alichokata amekikata, na mtaalamu wa patholojia amepitisha hadubini kwenye kingo za nyama iliyokatwa asione seli ya saratani. Kwa lugha ya ripoti hiyo huitwa R0. Pamoja na hayo, zaidi ya nusu ya waliokatwa kwa namna hii huja kuambiwa kwamba saratani imerudi, wengi wao ndani ya miaka miwili, na mara nyingi imerudi kwenye ini lilelile lililobaki.

Hesabu ya choroko

Neno "kurudi" linatupotosha. Linatoa picha ya mgeni aliyeondoka, akazunguka huko, kisha akabisha hodi tena. Kwa saratani inayoonekana miezi sita baada ya upasuaji, picha hiyo haishiki hesabu.

Tuchukulie kwamba uvimbe huongezeka ujazo mara mbili kila baada ya siku 60. Nimechagua tarakimu hiyo kwa ajili ya mfano tu. Zipo saratani zinazokimbia zaidi na zinazojikokota zaidi. Siku ya 180 baada ya upasuaji, picha inaonyesha kidonda kipya kwenye ini chenye kipenyo cha sentimita 1. Siku 180 ni vipindi 3 vya siku 60, kwa hiyo ujazo umeongezeka mara 2, mara 2, mara 2 tena, jumla mara 8. Kitu cha mviringo kikiongezeka ujazo mara 8, kipenyo chake kinaongezeka mara 2 tu. Maana yake siku ile daktari alipokuwa akishona tumbo, kidonda hicho kilikuwapo tayari, kipana kwa milimita 5.

Milimita 5 ni punje ya choroko. Choroko hiyo imefichwa ndani ya kiungo chenye uzito wa zaidi ya kilo moja, kinachopanda na kushuka kwa kila pumzi wakati picha inapigwa. Na kama siku ya 180 vimeonekana vidonda vidogo vitatu, basi siku ya upasuaji zilikuwa punje za ulezi.

Kwa hiyo kutabiri kurudi mapema, kwa sehemu kubwa, hakuhusu yajayo. Ni kujaribu kukisia leo kitu ambacho kipo leo na macho hayakioni. Nikishalishika hilo, mengi katika fani hii ambayo awali yalinichanganya yalijipanga yenyewe. Saratani inayorudi baada ya miaka minne ni habari nyingine. Huenda ikawa mpya kabisa, iliyoota kwenye mirija iliyokwaruzwa na mnyoo yuleyule. Ya mapema ni deni la zamani.

Mapema ni lini?

Hapa watafiti hawakubaliani, na sababu zao zinaeleweka. Wapo wanaochora mstari kwenye miezi 6, wapo wa miezi 12, na utafiti mmoja mkubwa wa hospitali za nchi mbalimbali uliona kwamba mstari unaotenganisha vizuri zaidi makundi mawili ya wagonjwa uko kwenye miezi 24. Utafiti mwingine wa aina hiyo, uliochapishwa mwaka 2020, ulitazama ile ya ndani ya miezi 6 na kukuta kwamba zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya watano yalimfika. Ukisoma kwamba mfumo fulani wa alama "unatabiri kurudi mapema", swali la kwanza ni mapema ya nani.

La pili ni ratiba ya picha. Kinachoandikwa kwenye kitabu cha utafiti ni siku saratani ilipoonekana, na saratani haionekani mpaka mtu apigwe picha. Mgonjwa anayepigwa CT kila baada ya miezi 3 atahesabiwa kuwa imemrudia mwezi wa tatu au wa sita. Mwenzake mwenye ugonjwa uleule, ambaye hospitali iko mbali na CT ni ghali, atakwenda tu tumbo likianza kuuma, na kwenye daftari ataonekana kama aliyekaa salama miezi 14. Mtu yeyote atakayetaka kutumia takwimu za hospitali zetu za Afrika Mashariki kwa kazi kama hii atakutana na mtego huo kabla ya mwingine wowote.

Ripoti ya kurasa mbili

Wiki mbili baada ya upasuaji, ripoti ya patholojia ya mkulima wetu inafika. Kurasa mbili, na karibu kila mstari ni kidokezo.

Mstari wa kwanza ni ukubwa: sentimita 6. Sentimita 5 ndicho kizingiti kinachotumika katika toleo la 8 la mwongozo wa kimataifa wa kupanga hatua za saratani, kwa uvimbe ulio peke yake na ambao haujaingia kwenye mishipa ya damu. Mstari wa pili ni idadi. Uvimbe mmoja ni afadhali. Ukikuta mmoja mkubwa umezungukwa na vidogo, kama kuku na vifaranga, ujue seli zake zimeshajifunza kusafiri ndani ya matawi ya mshipa unaolisha ini, na hakuna sababu ya kuamini kwamba zilikomea pale kisu kilipopita.

Kisha yanakuja mambo ya hadubini. Je, seli zimeonekana ndani ya mishipa midogo ya damu? Je, zimeizunguka mishipa ya fahamu, njia ambayo saratani za nyongo huipenda mno? Je, bado zinafanana na seli za mrija zilikotoka, au zimeharibika sura kiasi kwamba mtaalamu anaziita zenye ukomavu duni? Kila "ndiyo" inaongeza uzito.

Mstari mzito kuliko yote ni wa tezi za limfu. Tezi zilizo karibu na lango la ini zikikutwa na saratani, uwezekano wa kurudi mapema unapanda sana; karibu kila mfumo wa alama niliowahi kuusoma unauweka mstari huu juu. Ila hapa kuna ujanja ambao msomaji wa kawaida hauoni. Mwongozo huo huo unapendekeza tezi zisizopungua 6 zichunguzwe. Tuseme eneo hilo lina tezi 10, na 2 kati yake zina saratani. Daktari akichukua 2 tu bila kujua zipi, uwezekano wa kupata zote safi ni asilimia 62. Akichukua 6, unashuka hadi asilimia 13. Ripoti mbili zinaweza kuandika maneno yaleyale, "tezi hazina saratani", na moja ikawa inasema kitu huku nyingine inasema karibu hakuna kitu. Tafuta idadi. Kama haipo, uliza.

Kwenye ripoti ya mkulima wetu: tezi 7 zimechunguzwa, 1 ina saratani. Mishipa midogo ya damu imevamiwa. Kingo safi.

Kinachojulikana kabla ya kisu

Yote hayo yamejulikana lini? Baada. Uvimbe umeshakatwa, umelowekwa kwenye formalini, umekatwa vipande vyembamba, umepakwa rangi. Huu ndio mkanganyiko wa fani nzima, na kwa maoni yangu ndicho kitu ambacho makala nyingi za kitaalamu hukipita haraka mno: uamuzi mkubwa hufanywa kabla ya upasuaji, ilhali taarifa bora hufika baada yake. Kabla ya kisu una umri wa mgonjwa, una picha, na una damu.

Kwenye damu, anayetajwa kila mahali ni CA 19-9, aina ya sukari iliyoungana na protini ambayo saratani za nyongo na kongosho huimwaga kwa wingi. Kiwango cha kawaida ni chini ya 37. Kikiwa mamia au maelfu kabla ya upasuaji, madaktari hukunja uso. Ila kipimo hiki kina vilema viwili. Cha kwanza, mrija ukiziba kwa sababu yoyote, hata jiwe la nyongo, CA 19-9 hupanda. Kwa hiyo kupima mtu mwenye macho ya manjano na kumhukumu kwa namba hiyo ni haraka. Cha pili kinatuhusu sisi zaidi. Ili mwili utengeneze CA 19-9, lazima mtu awe na kimeng'enya kinachohusiana na kundi la damu liitwalo Lewis. Wapo wasio nacho kabisa, na kati ya watu wenye asili ya Afrika idadi yao ni kubwa kuliko kati ya Wazungu. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na saratani iliyojaa ini na CA 19-9 yake ikasoma karibu sifuri. Mfumo wa alama uliojengwa Asia, ukiletwa Dar es Salaam au Nairobi bila kulikumbuka jambo hilo, utampa mgonjwa wa aina hii alama nzuri za bure.

Kwenye picha, wataalamu wa radiolojia hutazama namna uvimbe unavyokunywa dawa ya rangi inayodungwa mshipani. Saratani hii kwa kawaida hung'aa kwanza kwenye ukingo, kisha rangi hujipenyeza polepole kuelekea katikati, ambako mna tishu ngumu yenye makovu. Ule unaong'aa sana mapema, wote kwa pamoja, mara nyingi huwa na tabia afadhali. Ule unaobaki na kiza katikati, wenye pete tu pembeni, huwa mkali zaidi.

Kugeuza dalili kuwa namba

Daktari mzoefu huyachanganya haya yote kichwani na kutoka na hisia. Takwimu hujaribu kuifanya hisia hiyo iwe wazi kwa kila mtu. Njia inayopendwa ni nomogramu: karatasi yenye mistari iliyopangwa juu kwa chini, kila mstari kidokezo kimoja, na kila kidokezo kina alama zake. Unashuka na rula, unaandika alama, unajumlisha, na chini kabisa unasoma asilimia. Mojawapo ya zinazojulikana zaidi kwa saratani hii ilitoka Shanghai mwaka 2013 kwa ajili ya kutabiri muda wa kuishi baada ya upasuaji, ikitumia vipimo viwili vya damu, ukubwa wa uvimbe, idadi yake, uvamizi wa mishipa, tezi, na kama uvimbe umegusa viungo jirani. Mfumo wa alama wa Marekani, MEGNA, nao wa kutabiri muda wa kuishi, ni mwepesi zaidi: vitu vitano, kimojawapo umri wa zaidi ya miaka 60.

Ubora wa mifumo hii hutangazwa kwa namba moja, kielelezo cha C. Maana yake si ngumu. Wachukue wagonjwa wawili ambao mmoja ilimrudia mapema kuliko mwenzake. Uulize mfumo: ni yupi? Ukijibu sawa kwa jozi zote, kielelezo ni 1. Ukibahatisha kama anayerusha sarafu, ni 0.5. Mifumo ya saratani hii huzungukia 0.7, yaani kwa jozi 10 inapatia 7. Si ramli, lakini si macho ya malaika pia.

Na kielelezo hicho hakisemi kila kitu. Mfumo unaweza kupanga foleni vizuri na bado ukakosea asilimia. Ukiwapa wagonjwa 100 uwezekano ambao wastani wake ni asilimia 40, na ikawarudia 70, foleni yako inaweza kuwa nzuri na bado maneno yako ni ya kupotosha. Utabiri wa mvua huhukumiwa kwa kipimo hichohicho.

Sasa tuufanyie mfumo kazi. Wagonjwa 100 wanasubiri upasuaji, na 20 kati yao saratani itawarudia ndani ya miezi 6. Tuna mfumo mzuri kiasi: unawanasa robo tatu ya hao 20, na unawaacha huru robo tatu ya wale 80 wengine. Tarakimu hizi nimezitunga, hesabu ni ya kweli. Utainua bendera nyekundu kwa 15 sahihi, na pia kwa 20 ambao isingewarudia. Bendera ni 35, na zaidi ya nusu ni za kusingiziwa. Hao 20, kama ungewanyima upasuaji kwa sababu ya bendera, ungewanyima tiba pekee yenye nafasi ya kuwaponya. Ndiyo maana napata wasiwasi kila ninaposoma sentensi isemayo kwamba mfumo fulani "utasaidia kuchagua wagonjwa wasiofaidika na upasuaji". Kwa 0.7? Hapana.

Mitihani ya zamani

Miaka ya karibuni kazi hii imeingiliwa na akili mnemba. Badala ya radiolojia kusema "kuna pete pembeni", kompyuta inaisoma picha nukta kwa nukta na kutoa mamia, hata maelfu, ya vipimo vya mkwaruzo, kiza na mwanga ambavyo jicho halivioni. Kisha inatafuta ni mchanganyiko upi unaoendana na kurudi mapema.

Shida ni kwamba saratani hii ni adimu. Hospitali moja inaweza kuwa na wagonjwa 150 waliopasuliwa kwa miaka kumi. Ukiwa na vipimo 1,000 na wagonjwa 150, utapata tu kitu kinachoendana, hata kama ni bahati. Ni kama mwanafunzi aliyekariri majibu ya mitihani yote ya zamani: mpe karatasi ya mwaka juzi apate 95, mpe mpya aanguke. Kwa hiyo matokeo ya kielelezo cha 0.9 kutoka hospitali moja huyasoma nikiwa nimeshika kalamu nyekundu, nikitafuta sehemu inayoeleza mfumo ulipopelekwa kwa wagonjwa wa hospitali nyingine. Mara nyingi huko namba hushuka.

Na ina haki ya kushuka, kwa sababu jina moja limefunika magonjwa kadhaa. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba saratani zilizoletwa na mnyoo zina mabadiliko tofauti na zile za wasio na mnyoo: za mnyoo huwa na jeni ya TP53 iliyoharibika mara nyingi zaidi, zisizo za mnyoo ndizo zinazobeba zaidi mabadiliko ya jeni za IDH na miunganiko ya jeni ya FGFR2. Uchina kuna wagonjwa wengi wenye homa ya ini aina ya B. Osaka, mwaka 2012, ilibainika kwamba saratani hii imewapata vijana wa kiwanda cha uchapaji waliokuwa wakisafisha mashine kwa kemikali iitwayo dikloropropani, watu wenye miaka ambayo hakuna nomogramu ingewashuku. Mfumo uliofundishwa kwa kundi moja ukipelekwa kwa jingine unakuwa kama mpiga mbizi wa Tanga anayepelekwa Ziwa Tanganyika: kuogelea anajua, maji ndiyo mengine.

Ninachokitazamia zaidi binafsi ni kupima vipande vya DNA ya saratani vinavyoelea kwenye damu wiki chache baada ya upasuaji. Kipimo hicho kinaendana na hesabu ya choroko: hakikisii tabia ya uvimbe uliokatwa, kinautafuta ule uliobaki. Kilema chake ni kwamba choroko ndogo sana humwaga DNA kidogo sana, kwa hiyo damu safi haimaanishi ini safi.

Namba inabadilisha nini

Utabiri usiobadilisha kitu ni wa kumtia mtu hofu tu. Kwa saratani hii unaweza kubadilisha mambo mawili, labda matatu.

La kwanza ni vidonge. Jaribio la Uingereza liitwalo BILCAP, lililochapishwa mwaka 2019, liliwagawa wagonjwa 447 waliopasuliwa: nusu walimeza kapesitabini, dawa ya saratani ya vidonge, kwa miezi sita, nusu walifuatiliwa tu. Nusu ya waliomeza walikuwa hai mpaka miezi 51, ikilinganishwa na miezi 36 kwa wasiomeza. Kwa kanuni kali za takwimu, uchambuzi mkuu haukuvuka mstari, na wataalamu walibishana sana. Lakini dawa ikawa desturi katika nchi nyingi, kwa sababu baada yake hapakuwa na kitu kingine cha kumpa mgonjwa mkononi. Baadaye, mwaka 2023, jaribio la Japani la kidonge kingine, S-1, likaonyesha faida iliyo wazi.

La pili, linalobishaniwa bado, ni kuanza na dawa kabla ya kisu kwa wale wenye bendera nyekundu. Mantiki yake ni nzuri: kama choroko zimeshatawanyika, zifuate kwanza kwa dawa inayozunguka mwili mzima, na uone kwa miezi michache ugonjwa una tabia gani. Hatari yake pia iko wazi, kwamba uvimbe unaweza kukua ukapita uwezo wa kukatwa. Hapa ndipo bendera za kusingiziwa zinapovumilika zaidi, kwa kuwa mgonjwa hanyimwi upasuaji, anaahirishiwa.

La tatu ni kalenda, na ndilo linalomfikia mkulima wetu. Sentimita 6, tezi 1 kati ya 7, mishipa imevamiwa: alama zake ziko juu. Anakaa mbele ya daktari akiwa na binti yake, pakiti ya kapesitabini iko mezani. Daktari anasema picha inayofuata ni Agosti. Mzee anauliza kama haiwezi kusubiri Desemba, mpunga ukishavunwa, maana Agosti mashamba yamejaa maji na hakuna wa kumwachia. Angekuwa na uvimbe wa sentimita 2 na tezi 7 safi, labda daktari angekubali wasogeze kidogo. Anaitazama tena ile ripoti ya kurasa mbili, anaigeuza, kisha anaandika Agosti. Binti anatoa simu na kuanza kuhesabu nauli.